Makopo saba ya bi mkubwa: jinsi ya kutumia vitamini na flavonoidi bila kupigwa

Mwezi wa nne nlienda nyumbani kumsalimia bi mkubwa, nakuta juu ya friji makopo yamepangwa kama duka la dawa. Saba. Namuuliza mama hivi vyote vya nini, ananiambia mwanangu hizi za kinga, hii ya nywele, hii ya kusafisha damu, hii sijui ya nini ila dada mmoja wa jumuiya kaniambia nzuri sana kwa watu wa umri wangu. Ana miaka 63, ana presha na sukari, anakunywa amlodipini na metformini za kliniki, na juu ya hapo hayo makopo, la bei ya juu kabisa elfu 85. Af huku analalamika tumbo, wiki ya tatu anaharisha na hajui kala nini, na miguu inakufa ganzi usiku.

Tulikaa naye chini mkekani siku nzima na hayo makopo, moja baada ya jingine. Naandika tulivyofanya maana najua friji kama ile ziko nyingi.

Mwaga vyote chini kwanza

Usianze kusoma faida kwenye karatasi za matangazo. Toa kila kopo, kila pakiti, na dawa za hospitali pia, weka sehemu moja, chukua daftari na kalamu. Geuza kopo uone nyuma, kule kwenye maandishi madogo, andika kila vitamini na kiasi chake. Angalia sana pale wanaposema kiasi hicho ni kwa vidonge vingapi, maana kopo linaweza kuandika miligramu 500 kwa herufi kubwa mbele, nyuma ukasoma ni kwa vidonge viwili. Ukimaliza, jumlisha.

Sisi tulikuta vitamini C iko kwenye makopo manne kati ya saba. Kile kidonge kikubwa cha kuyeyusha kwenye maji kinachotoa povu: 1000. Kopo lililoandikwa vitamini C na bioflavonoidi: 500. Unga wa kinga wa kwenye pakiti: 500. Multivitamini: 60. Jumla miligramu 2060 kwa siku. Mwanamke mtu mzima anahitaji kama 75, mwanaume 90, anayevuta sigara anaongezewa 35 hivi, na kikomo cha juu walichoweka wataalam wa Marekani kwa mtu mzima ni 2000. Na dalili ya kwanza ya kuzidisha ni ipi? Kuharisha na tumbo kusokota. Yani mama alikuwa ananunua dawa ya kuharisha ili aendelee kunywa kitu kinachomharisha. Tukasimamisha yote manne, siku ya tatu tumbo limetulia.

Hapo sijataja kwamba hicho cha povu kina sodiamu, vingi vya aina hiyo vina mamia ya miligramu za sodiamu kwenye kidonge kimoja, sasa mtu ana presha, daktari kamwambia apunguze chumvi, mboga anakula haina ladha mpaka huruma, halafu chumvi anainywa kwenye glasi asubuhi. WHO wanasema sodiamu isizidi miligramu 2000 kwa siku nzima, chakula chote humo humo. Kama una presha soma hiyo sehemu kabla ya kitu kingine chochote.

Na vitamini C nyingi haiingii mwilini kama unavyodhani. Ukifika kama miligramu 200 kwa siku damu yako inakaribia kujaa, ukinywa zaidi ya gramu moja kwa mpigo utumbo unachukua chini ya nusu, zinazobaki ndo zinaleta fujo tumboni na kilichoingia cha ziada figo zinakitupa kwenye mkojo. Wanaume wanaobugia dozi kubwa kila siku wana hatari zaidi ya mawe kwenye figo. Na wenye sukari, vitamini C nyingi inaweza kudanganya baadhi ya mashine za kupimia nyumbani, ukaona namba ambayo siyo. Wale wenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu, na ukanda wetu wa malaria wapo wengi tu, dozi kubwa inaweza kuvunja chembe nyekundu za damu. Kwaiyo ile kauli ya "vitamini haina madhara, ikizidi unakojoa" mi siikubali tena.

Hizi flavonoidi zenyewe ni nini

Kopo la pili ndo lilinipa kazi, lile la vitamini C na bioflavonoidi. Mama anauliza hizo bio nini, mi mwenyewe nlikuwa sijui vizuri nikaanza kusoma.

Flavonoidi ni familia kubwa ya vitu ambavyo mmea unajitengenezea, ni maelfu ya aina, mmea unazitumia kujikinga na jua, wadudu, na kupaka rangi maua na matunda. Wekundu wa rosela, zambarau ya zambarau yenyewe, ukakasi wa chai ya rangi, uchungu wa ile nyama nyeupe ya chungwa, vyote humo humo. Kitunguu chekundu kina kwesetini, machungwa yana hesperidini, kakao na chai zina katekini, soya ina isoflavoni.

Sasa kuna historia hapa ambayo ukiijua hutapigwa. Mhungaria mmoja, Albert Szent-Györgyi, ndo aliyeitoa vitamini C ikajulikana ni nini, akapata Nobel mwaka 1937. Mwaka mmoja kabla, 1936, yeye na mwenzake Rusznyák walitangaza kwamba kwenye limau na pilipili kuna kitu kingine, flavonoidi, kinachozuia mishipa midogo ya damu isivuje, wakakiita vitamini P. Watu wakaifuatilia miaka na miaka lakini hakuna aliyeweza kuonyesha kwamba mtu akikosa flavonoidi anapata ugonjwa fulani, kama vile ukikosa vitamini C unapata kiseyeye fizi zikavuja damu. Mwaka 1950 jina la vitamini P likaachwa. Kwaiyo ukiona "C na bioflavonoidi" kwenye kopo jua ni mabaki ya hadithi ile ya 1936, na ukimkuta muuzaji anakwambia kidonge chake kina asilimia 100 ya flavonoidi unazohitaji kwa siku, muulize asilimia 100 ya ngapi, maana hicho kiwango hakipo.

Hii haimaanishi hazina faida, hapana. Wanaokula kwa wingi vyakula vyenye flavonoidi wanaonekana kuwa na moyo wenye afya zaidi, hilo limejirudia kwenye tafiti nyingi, japo mtu anayekula matunda na mboga huwa pia havuti sigara na anatembea kwa miguu, kwaiyo kutenganisha ni kazi. Ndo maana majaribio ya kugawa watu makundi mawili, hawa kidonge cha kweli hawa cha bandia, ni muhimu. Jaribio kubwa lililotoka Marekani mwaka 2022, linaitwa COSMOS, liliwapa wazee zaidi ya elfu 21 vidonge vya kakao vyenye miligramu 500 za flavonoidi au vya bandia, miaka mitatu na nusu hivi. Ukijumlisha matukio yote ya moyo na kiharusi tofauti haikutosha kusema ni ya uhakika, ila vifo vya moyo vilikuwa pungufu kwa asilimia 27 kwa waliokunywa za kweli. Inatia moyo, bado siyo kitu cha kukopa hela ununue. Na chokoleti ya dukani siyo hiyo, zile nyingi flavonoidi zimeshakufa kiwandani, iliyobaki sukari.

Sehemu ambayo vidonge vya flavonoidi vinafanya kazi ya kueleweka ni bawasiri na mishipa ya miguuni iliyovimba. Kuna dawa ya diosmini na hesperidini, miligramu 450 kwa 50, madaktari wanaiandika kabisa, inapunguza kuvuja damu na muwasho. Hiyo ni dawa yenye dozi yake, nenda upimwe kwanza, maana damu kwenye choo siyo bawasiri kila mara.

Kula flavonoidi, usinunue

Hapa ndo nilimshawishi mama, maana ni mambo ya jikoni na jikoni ni kwake.

Kitunguu. Waholanzi mwaka 1995 walipima kwesetini inavyoingia mwilini, iliyotoka kwenye kitunguu ilifyonzwa kama nusu, ile tupu ya kidonge kama robo. Umeona? Kitunguu cha sokoni kinaishinda kapso. Na kwesetini nyingi inakaa kwenye maganda ya nje ya nyama, yale mekundu, sasa sisi tukimenya tunatoa ganda kavu halafu tunatoa na lile la pili na la tatu eti ni gumu. Menya kwa huruma. Ukichemsha, nyingine inahamia kwenye maji, kwaiyo mchuzi usimwage. Moto hauiui sana, inavumilia kuliko vitamini C.

Chungwa. Sisi tunavyokula chungwa jamani, tunamenya kwa kisu likizunguka, tunakata kofia, tunafyonza maji, tunatupa. Hesperidini iko kwenye ile nyama nyeupe na zile ngozi za vipande, yani tunakunywa sukari na vitamini C af tunatupa flavonoidi na nyuzinyuzi. Lile chungwa likate vipande ule lote na weupe wake. Mama alinitazama kama nimechanganyikiwa, lakini sasa anakula hivo.

Rosela, wengine wanaita choya. Hii naipenda kwa sababu ina jaribio la maana. Chuo cha Tufts kule Boston, mwaka 2010, watu 65 wenye presha ya kupanda kidogo, nusu wakanywa vikombe 3 vya chai ya rosela kila siku kwa wiki 6, presha ya juu ilishuka kama pointi 7, wale wa kinywaji cha bandia pointi 1 hivi. Siyo mbadala wa dawa, na kama uko kwenye dawa ya presha mwambie daktari wako kwamba unaitumia ili presha isije ikashuka kupita kiasi. Jinsi ya kuandaa: osha maua makavu, kiganja kimoja kwenye lita moja ya maji yaliyochemka, funika dakika 10, chuja. Shida yetu ni kwamba tukishachuja tunamimina sukari kikombe kizima na flava ya stroberi, sasa hapo mwenye sukari atafanyaje? Weka tangawizi na kipande cha nanasi ukichemsha, utamu unatosha. Ukianza huwezi, wiki ya pili unazoea.

Chai ya rangi nayo ina flavonoidi nyingi tu ila hapa kuna mtego mkubwa ambao watu hawauongelei. Zile zile flavonoidi na tanini za kwenye chai zinakamata madini chuma ya kwenye mboga na maharage, yasiingie mwilini. Sasa mtu kapimwa damu iko chini, anakula mchicha na maharage kila siku kama alivyoambiwa, af anashushia na chai, anashangaa damu haipandi. Chai inywe peke yake, saa moja hivi kabla au baada ya kula. Wakati wa kula kamulia ndimu au kula pera, vitamini C inasaidia chuma kuingia. Ni kitu cha bure kabisa na kwa mama mjamzito kina maana kubwa.

Kwa vitamini C wala usihangaike. Gramu 100 za pera zina miligramu 228 hivi, chungwa kama 53, papai 61, hoho nyekundu kama 128. Pera moja la wastani umemaliza siku na ya kesho. Watu wa Mtwara na Lindi mna mabibo, yale ya korosho, yanalipita chungwa mara kadhaa na msimu ukifika yanaozea chini. Ubuyu nao upo juu, ila naongelea unga wenyewe mweupe, siyo ule wa Zanzibar wa rangi na sukari na pilipili, ule ni pipi, na mi naupenda sana tu. Unga wa ubuyu utie kwenye uji ukishapoa kidogo maana vitamini C haipendi moto. Kisamvu kile cha kuchemka masaa, vitamini C yake imeshaondoka, lakini kina vitu vya vitamini A, na nazi au karanga unazotia zinasaidia iingie.

Vitamini za kidonge, nani anazihitaji kweli

Swali ni moja tu, una pengo gani? Kidonge kinaziba pengo, kama hakuna pengo kinapita. Yapo mapengo ya kweli na nitaje yale ninayoyaona yanatuhusu.

Dada unayepanga kubeba mimba, au hujapanga ila inaweza kutokea, foliki asidi mikrogramu 400 kila siku, anza kabla. Mfereji wa uti wa mgongo wa mtoto unafunga ndani ya siku 28 za mwanzo, wakati huo wengi hawajajua kama wana mimba. Kanuni za 2011 zilitaka unga wa ngano wa viwandani Tanzania uongezwe foliki na chuma, lakini mla ugali wa dona ya mashine ya mtaani haimgusi. Ukifika kliniki unapewa FEFO, vile vidonge vya chuma na foliki, usivitupe eti vinatia kichefuchefu, vinywe usiku baada ya kula, choo kikiwa cheusi usiogope ni chuma hiyo.

Mtoto wa miezi 6 mpaka 59 apate matone ya vitamini A mara mbili kwa mwaka, Juni na Desemba. Mama mjamzito kinyume chake, vitamini A ya retinoli isizidi IU 10,000 kwa siku, ikizidi sana inaweza kumuumbua mtoto tumboni. Ndo maana jumla ya kwenye daftari ni muhimu, kopo moja halizidi, matatu yanazidi.

Mnaoishi Uingereza na huko baridi, ngozi nyeusi na jua la msimu, serikali ya kule yenyewe inawashauri mikrogramu 10 za vitamini D, ambazo ni IU 400, kipindi cha vuli na baridi, na kwa weusi ikiwezekana mwaka mzima. Huku Dar jua linakuchoma mpaka kwenye daladala, ukiwa unatoka nje na hujajifunika mwili mzima, sioni haraka ya kununua bila kupimwa.

Anayetibiwa TB kwa dawa yenye isoniazidi anaongezewa B6 ili ganzi isimpate, hiyo usiiruke. Ila B6 hiyo hiyo ukijinunulia dozi kubwa ukanywa miezi, inaleta ganzi yenyewe.

Na B12. Hapa narudi kwa mama. Metformini ikitumika miaka mingi inapunguza B12 mwilini, na B12 ikiisha unapata ganzi miguuni, uchovu, usahaulifu, vitu ambavyo mwenye sukari anaambiwa "ni sukari hiyo". Mama ana miaka tisa kwenye metformini. Tukaomba kipimo, ikaja chini. Makopo saba, laki kadhaa, na pengo lake halisi lilikuwa limewekewa mikrogramu 2.4 kwenye multivitamini, wakati anayetibiwa upungufu anapewa kama 1000 au sindano. Kama wewe au mzazi wako yuko kwenye metformini muda mrefu, kaombe hicho kipimo. Wasiokula nyama, samaki, mayai wala maziwa nao vile vile, B12 haipo kwenye mimea, usidanganywe na mtu anayeuza mlonge.

Na mafua? Ndo swali la kila mtu. Linus Pauling, mkemia wa Marekani mwenye Nobel mbili, mwaka 1970 alitoa kitabu akaipigia debe vitamini C kwa mafua, dunia ikamfuata. Majaribio yaliyokusanywa baadaye yanaonyesha kwamba kwa mtu wa kawaida kuinywa kila siku hakupunguzi idadi ya mafua, inafupisha siku kwa asilimia 8 hivi kwa wakubwa na 14 kwa watoto, na ukianza kuinywa mafua yakishakushika haionyeshi faida ya kueleweka. Waliofaidika ni wakimbiaji wa maratoni na wanajeshi kwenye baridi kali, hao mafua yalipungua nusu. Sasa kama wewe zoezi lako ni kupanda ngazi za kariakoo, jihesabie mwenyewe.

Wavuta sigara mnisikilize. Beta karotini, ile rangi ya karoti, ilijaribiwa Finland kwa wanaume wavutaji zaidi ya elfu 29, matokeo 1994, waliopewa vidonge walipata saratani ya mapafu zaidi kwa asilimia 18. Marekani wakajaribu, wakasimamisha kabla ya muda 1996, ilikuwa zaidi kwa 28. Karoti yenyewe haina shida. Kapso ndo shida.

Vinavyogombana na dawa zako

Hii isome hata kama umeruka kwingine kote.

Unatumia TLD, ile dawa ya VVU? Vidonge vya chuma, kalsiamu au multivitamini yenye madini vinashika dolutegraviri iliyo ndani yake isiingie. Ama vinywe pamoja na TLD wakati wa chakula, au TLD itangulie masaa mawili kabla, au isubiri masaa sita baada. Mwambie mhudumu wako wa CTC, kliniki ya VVU, unatumia nini, hawatakugombeza.

Antibayotiki za doksi na sipro, usizichanganye na chuma, zinki wala kalsiamu, achanisha masaa. Dawa ya tezi ya levothairoksini, masaa manne. Warfarini ya kuzuia damu kuganda, usibadilishe badilishe vitamini K wala mboga za majani ghafla, wala usianze kapso ya mmea wowote bila kusema. Balungi linapandisha kiwango cha baadhi ya dawa kwenye damu, simvastatini ya kolesteroli na nifedipini ya presha zikiwemo, na danzi nalo lina vitu hivyo hivyo.

Kopo la tano la mama lilikuwa biotini ya nywele, mikrogramu 10,000 wakati mtu mzima anahitaji kama 30. Nywele sijaona zilipoongezeka. Kibaya biotini nyingi inavuruga vipimo vya maabara, vya tezi na hata kile cha kuangalia kama umepata shambulio la moyo, mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo mwaka 2017. Ukienda kupima damu waambie unaitumia.

La sita kapso za chai ya kijani za kupunguza mwili. Chai ya kwenye kikombe sawa, lakini iliyokolezwa kwenye kapso, katekini zake kuu zikifika miligramu 800 kwa siku kuna watu ini limeumia. Macho ya njano au mkojo kama koka, acha, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

La saba ndo la elfu 85. Mimea 32. Kila mmea umetajwa jina, hakuna hata mmoja uliotajwa kiasi, wameandika tu mchanganyiko maalum miligramu 600 zote. Gawanya mwenyewe 600 kwa 32, ni kama miligramu 19 kila mmoja kama wamegawa sawa, na hawajasema kama wamegawa sawa. Mi kanuni yangu sasa, kopo lisilosema kiasi cha kila kitu halinunuliwi, la kutibu presha, sukari, nguvu za kiume na uvimbe kwa pamoja halinunuliwi, lisilo na namba ya toleo na tarehe ya kuisha halinunuliwi. Na usitishike na "imetoka Marekani", kule sheria yao ya 1994 haimlazimishi mtengenezaji wa virutubisho kuthibitisha kwamba kinafanya kazi kabla hajakiuza.

Kingine kidogo, makopo yasikae juu ya friji. Kule nyuma panapata joto, na vile vidonge vya madini chuma vyenye rangi nzuri mtoto akivipata akameza vingi vinaua. Weka kabatini juu, pakavu, penye kufungwa.

Mama kabaki na B12 yake na dawa zake za kliniki. Wiki iliyopita ananipigia, yule dada wa jumuiya kaja na kopo jipya la zabibu na kwesetini, mama kampokea vizuri tu, kampa glasi ya rosela isiyo na sukari, kavaa miwani, kageuza kopo nyuma, kamuuliza mwanangu hapa mbona hamjaandika miligramu? Dada kasema atamuuliza mkubwa wake wa timu. Rosela hakuimaliza.